Wino Juu ya Buluu

Nilisikia mkwaruzo kabla ya kuona chochote. Nilikuwa kwenye korido nyembamba nyuma ya saluni moja ya Gisenyi, mpakani mwa Rwanda na Kongo, umeme umekatika, nikipapasa ukuta kuutafuta mlango nilioelekezwa. Sauti ilitoka mbele yangu, kavu, fupifupi, ikisimama na kuanza tena, mfano wa panya anayetafuna kona ya mkeka. Nikabisha hodi gizani. Mkwaruzo haukukatika; ulimaliza kwanza safari yake, ndipo mtu akasema, "Sukuma tu, iko wazi."

Ndani mlikuwa na dirisha moja, na chini yake kijana ameinamia karatasi pana, kalamu ya nibu mkononi. Nilijitambulisha, nikasema nani amenielekeza kwake, nikaomba radhi kwa kumkatiza kazi. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu zote, kisha akauliza, "We ulizaliwa ndani ya redio?"

Wazazi wangu walirudi Rwanda kutoka Tanzania, na Kiswahili changu ni cha huko. Watu wa kwao walirudi kutoka Kongo, na Kiswahili chake kilikuwa cha Goma, kinachookota Kifaransa na Kinyarwanda njiani bila kuomba ruhusa. Tangu siku ile aliniita Redio. Nikichelewa kufika alisema leo hakuna taarifa ya habari.

Nilikuwa nimeandika hadithi ya mama mmoja wa Bugeshi anayeteremsha viazi hadi mpakani, na mchapishaji mdogo wa Kigali alikuwa amekubali kuitoa kama kitabu cha katuni iwapo ningepata mchoraji. Nilimpatia karatasi zangu pale pale. Alizisoma amesimama, akigeuza moja baada ya nyingine kwa ncha ya kidole ili asiache wino. Alipofika ukurasa wa mwisho alirudi nyuma, akatafuta sehemu fulani, akaisoma tena. Mama yule amebeba mzigo, anapanda njia ya miguu, mtu anamwita kutoka nyuma. Nami nilikuwa nimeandika neno moja tu: Anageuka.

"Huyu mama," akasema, "iko na sura ya nani?"

Nikasema sijui, sura yoyote.

"Basi nitamupatia ya mama yangu."

Mama yake alifariki yeye akiwa mtoto wa shule ya msingi na dada yake bado ananyonya. Picha zote zilibaki katika nyumba ambayo familia iliikimbia. Alikuwa ameuliza kwa ndugu wa pande zote mbili za mpaka. Kilichopatikana ni picha ya harusi ya watu wengine ambamo mama yake alisimama nyuma ya watu warefu. Palionekana bega na pindo la kitambaa cha kichwani. Yeye alikuwa na kumbukumbu, walau. Dada yake hakuwa na kitu. Alilelewa Goma na mama mdogo, akaolewa huko, na alikuwa akivuka mpaka mara nyingi kwa wiki na fungu lake la vitenge. Wanawake wa ukoo walimwambia tangu utotoni kwamba mama yake alikuwa mzuri, na neno hilo, alisema mwenyewe, halina pua wala macho. Kaka yake alimwahidi kwamba kitabu kikitoka, mama yao atakuwa ndani yake, na mtu yeyote anayetaka kumwona atafungua tu.

Basi tukaanza kazi, na nikawa nashuka kutoka Nyundo, nilikokaa, karibu kila asubuhi.

Yeye alichora na kupitisha wino kwenye mistari. Mimi nilijaza weusi: vivuli, nywele, tumbo la chungu, usiku. Mahali pa kujaza aliweka alama ndogo ya msalaba, nami nilizifuata alama hizo kwa brashi nikiwa nimeuma ulimi. Wachoraji wengi huchora kwa penseli ya kawaida, wakapitisha wino juu, kisha wakafuta penseli. Gisenyi njia hiyo haikumfaa. Ziwa liko karibu mno. Miezi ya mvua karatasi hunywa unyevu, wino hukauka juu tu, na ufutio ukipita huuburuta hadi uso wa mtu unakuwa jiko la kuni. Kwa hiyo alichora kwa penseli ya buluu hafifu. Skana yake ilikuwa kuukuu, na alikuwa ameipanga isome weusi na weupe tu. Buluu ile haikuiona. Hapakuwa na haja ya kufuta. Unachora kwa buluu, unapitisha wino, unalaza ukurasa kifudifudi juu ya kioo, taa inatembea chini yake, na kwenye kompyuta unatokea wino peke yake, safi, kana kwamba haukuwahi kuongozwa na kitu.

Tukazoea kusema kwamba buluu si kitu. Akimwaga chai juu ya ukurasa aliuliza kwanza, "Imegusa wino?" Kama imegusa buluu tu, aliendelea kunywa. Mwenye saluni alikuwa akija kuazima penseli ile ile na kuandika namba za simu za wateja wake pembezoni mwa kurasa zetu, nasi tulimwacha, maana skana haingeziona. Kuna ukurasa wa soko ambao, ukiushika mkononi, una namba za nusu ya wanawake wa mtaa ule waliokuwa wakingoja kusukwa.

Huyo mwenye saluni ndiye alikuwa msomaji wetu wa kwanza. Alikuwa mama wa makamo, mcheshi, na alipitia kazi yetu kama anayekagua kichwa cha mteja aliyesukwa kwingine. Kwa kurasa nyingi mama wa hadithi alionekana kwa nyuma: mgongo, mzigo, visigino, mkono ulioshika kamba. Mchoraji alikuwa ameamua uso utokee mara moja tu, pale anapogeuka, katika kisanduku kimoja kinachojaza ukurasa.

"Kila siku unamuchora mugongo," mwenye saluni akamwambia. "Mugongo, mugongo. Siku moja huyu mama atageuka akupige."

"Mama, nitafurahi," akajibu.

Dada yake naye alipita akitoka au akienda mpakani. Alitua fungu lake la vitenge juu ya kiti pekee kilichokuwa huru, akaomba maji, kisha akauliza swali lake, lile lile, kwa sauti ya mtu anayeuliza kama basi limefika.

"Yaya, mama alishafika?" Yaya ndivyo wanavyomwita kaka au dada mkubwa.

"Bado iko njiani."

"Anatembeaka pole sana, huyu mama yako."

"Ni mama yako pia."

"Yangu ingekuwa imefika."

Alicheka, nasi tulicheka. Lakini niliona jinsi alivyonyoosha shingo kuelekea mezani kabla ya kunywa maji.

Kisanduku kile kilibaki kitupu kwa muda mrefu. Alianza, akaacha. Aliweka karatasi nyingine. Nilimwona akichora jicho moja asubuhi nzima. Siku moja akapanda Bugeshi kuangalia njia za miguu na mashamba ya viazi, ili asichore vitu vya kubuni, na huko akalala kwa ndugu. Sijui alikutana na nini. Alisema tu kwamba kulikuwa na baridi, kwamba ukungu ulishuka hadi kwenye matuta, na kwamba mwanamke fulani ambaye hakumwona alimwita mtoto, na yeye akageuka. Mtu mzima na ndevu zake, akageuka.

Niliporudi kesho yake nilimkuta amesimama mbali na meza, ameegemea ukuta.

"Nimemupata," akasema.

Nilisogea karibu na sikuona mtu. Niliona nyuzi za buluu, nyingi mno, zimepita moja juu ya nyingine, mashavu matatu kwa shavu moja, midomo iliyofunguka na kufungika kwa wakati mmoja. Akanivuta kwa mkono wa nguo hadi ukutani alipokuwa. "Angalia toka hapa." Na kutoka pale mwanamke alikuwepo. Alikuwa ameitwa tu sasa hivi na hajaamua bado kama ataitika. Alikuwa amechoka, na alikuwa anakaribia kutabasamu, na hakuna mstari hata mmoja uliosema hivyo; ilikuwa kazi ya mistari yote pamoja, jinsi kundi la watu wanaoongea polepole linavyotoa mngurumo ambao hautoki kinywani mwa yeyote kati yao.

Simu yangu ilikuwa mezani, imeegemezwa kwenye chupa ya wino, inaimba. Skana ilikuwa kwenye stuli yake. Sote wawili tulisimama pale tukimwangalia, na haikutupitia akilini kumpiga picha. Mara ngapi nimerudi kwenye dakika ile. Najiuliza ni uvivu gani, na jibu langu ni kwamba haukuwa uvivu. Mikono yetu ilikuwa imefundishwa kwa miezi kwamba buluu si kitu, kwamba kitu huanza pale wino unapoanza. Huwezi kuokoa ambacho hujakihesabu kuwa kipo.

Dada yake alikuja mchana ule ule. Kaka yake alimsikia kwenye korido, akachukua karatasi safi na kuufunika ukurasa.

"Mama alishafika?"

"Amefika," akasema. "Lakini hajavaa."

Dada akasimama katikati ya chumba, fungu lake bado kichwani. "Acha nimuone basi."

"Ngoja wino. Sasa ni ukungu tu, hautaona kitu. Nataka umuone akiwa amekamilika."

"Mi ni mutoto yake. Ataniona haya ya nini?"

"Wiki ijayo," akasema. "Nitakuchapia karatasi nzima, utaiweka ku ukuta."

Dada akaniangalia mimi, kama mwanamke kwa mwanamke, kuona kama ningemsaidia. Nikatabasamu. Nilidhani kaka yake ana haki: mpishi hafunui chungu kabla ya wakati. Alimwangalia tena kaka yake, akaangalia ile karatasi nyeupe juu ya meza, akaondoka na mzigo wake bila hata kuomba maji.

Kumpitishia wino kulichukua siku tatu za kuahirisha na asubuhi moja ya kazi. Mchapishaji alitaka kurasa za weusi mtupu. Mashine yake haikuweza rangi ya kijivu. Buluu ile isingeweza kubaki buluu. Mtu alipaswa kuchagua, kati ya mashavu matatu, shavu moja, na kuyafuta mengine kabla ya kushusha nibu, ili mkono usipotee.

Wino wa nibu hausukumwi mbele. Mkono huuvuta kuelekea kwako, kwa hiyo mchoraji huzungusha karatasi ili kila mstari umjie kwa upande ulio rahisi. Ndivyo alivyompitia mama yake: kichwa chini kwa ajili ya kidevu, ubavu kwa ajili ya pua, kichwa chini tena kwa ajili ya nyusi. Hakumwona mzima hata mara moja. Alikuwa na mkono mzuri sana. Sijaona mistari iliyotua vile, minene inapoanza, myembamba inapokwisha, hakuna palipotetemeka. Mimi nilikaa kando na brashi yangu, nikingoja kujaza nywele, nikisikiliza ule mkwaruzo na mashine ya kukaushia nywele iliyokuwa ikivuma upande wa pili wa ukuta.

Alipomaliza aliuweka ukurasa wima na kurudi ukutani. Nikamfuata. Ulikuwa mchoro bora kuliko yote ya kitabu. Nikamwambia hivyo.

Aliinamisha kichwa upande mmoja, kisha mwingine. Baadaye kidogo akasema, "Huyu si mama. Huyu anakaa Goma."

Na alipokwisha kusema, nikamwona dada yake kwenye karatasi, dhahiri kama aliyekuja kuomba maji. Penye shaka mkono ulikuwa umekwenda kwa uso uliokuwa ukiujua. Mbele ya kila njia panda ya buluu ulichagua uso uliouona wiki iliyopita, si ule wa miaka ile.

Tulihangaika. Tulibadilisha mpangilio wa skana tukausoma ukurasa kwa rangi, na kwa mara ya kwanza buluu ikatokea kwenye kompyuta, kubwa, nzuri, yenye chembechembe kama chaki. Kisha tukajaribu kuuondoa wino. Kompyuta iliuondoa kwa utiifu. Chini ya wino hapakuwa na kitu. Wino ulikuwa umekaa mahali pale pale ambapo kila kitu kilikuwa. Ikabaki sehemu ya sikio, nyuzi za shingo, upande mmoja wa kitambaa cha kichwa, na katikati tundu jeupe lenye umbo la uso wa dada yake. Pembeni, wazi kabisa, namba ya simu ya mteja wa saluni.

Alichukua karatasi mpya. Alijaribu siku hiyo na siku zilizofuata, na nilijifunza kutouliza. Mwisho alinieleza mwenyewe, akisafisha nibu kwa kitambaa, bila kuniangalia.

"Redio, unajua shida iko wapi? Zamani nikifunga macho nilikuwa naona ukungu, lakini ilikuwa ukungu yake. Sasa nikifunga macho naona ile niliyochora. Imekaa mbele ya mulango. Mama anashindwa kupita."

Nimeandika mengi tangu wakati ule, na kila ninapoisafisha sentensi mpaka ing'ae, nasikia maneno hayo. Zamani nilidhani rasimu ni uchafu unaotangulia kazi. Sasa sina uhakika ni kipi kinachotangulia kingine, na kipi kinachokaa mlangoni.

Tulipeleka kurasa Kigali. Mchapishaji alifurahi; alisema uso ule utauza kitabu. Hatukumweleza. Kurudi nyuma kulihitaji uso mwingine, na uso mwingine haukuwepo.

Dada alikuja alasiri moja ya mvua, kitenge juu ya mabega, fungu limefunikwa nailoni. Safari hii hakuuliza. Aliona usoni pa kaka yake kwamba mchoro uko tayari. Akatua mzigo, akakausha mikono yake kwenye nguo, mbele na nyuma, na kaka yake akampa karatasi aliyokuwa ameichapa kama alivyoahidi.

Aliipeleka dirishani. Alikaa nayo. Niliona midomo yake ikianza kufanya kile ambacho uso wa mtu hufanya mbele ya kioo, kisha ikaacha.

"Ni mi huyu," akasema.

"Munafanana," akasema kaka yake.

"Tunafanana." Akairudisha karatasi kwenye mwanga. Akagusa unyusi wake wa kushoto, mahali ambapo nywele zimekatika kwa kovu dogo, halafu akagusa unyusi wa kwenye karatasi. Pale nibu ilikuwa imeinuka na kuacha pengo. Sikuwa nimeliona. Nadhani hata kaka yake hakuwa ameliona. "Na hii? Mama naye alianguka ku majiwe akicheza?"

Kaka yake akainama kuliangalia lile pengo.

"Umenichora muzuri, yaya. Sisemi mubaya. Bon. Lakini mama iko wapi?"

Hakuwa anamsuta. Aliuliza hasa, na akangoja, kama mtu anayejua kwamba kuna karatasi nyingine na ataonyeshwa sasa hivi. Kaka yake akaenda mezani, akafunua lundo, akatoa ukurasa wenyewe. Akaweka kiganja juu ya ule wino.

"Alikuwa hapa," akasema. "Siku ile ulisimama hapo na muzigo. Alikuwa chini ya ile karatasi."

Dada akasogea. Akainama juu ya meza, akaangalia kati ya vidole vya kaka yake, akitafuta, jinsi mtu anavyotafuta sindano iliyoanguka kwenye mkeka. Nyuzi chache za buluu za shingo bado zilionekana. Akazigusa kwa ukucha.

"Hii ni yake?"

"Hiyo ni yake."

"Na sikio?"

"Nusu."

Akauondoa ukucha. Mvua ilikuwa inapiga bati, na upande wa pili wa ukuta watu walikuwa wakicheka jambo la saluni. Kisha akajiinua, akavuta kitenge mabegani, akasema lazima awahi, kwani siku hizi mpaka unafungwa mapema. Nilimsaidia kujitwika. Karatasi yake aliiacha dirishani. Kaka yake akaichukua, akamfuata nayo, akamnyooshea.

"Iweke ku ukuta," akasema. "Basi tu."

"Mi niko na kioo ku nyumba, yaya."

Alilisema taratibu, bila hasira, akimshika mkono uliokuwa na karatasi na kuurudisha kifuani kwa kaka yake. Akaniaga mimi kwa kichwa. Mlangoni aligeuka, mzigo na mwili pamoja, kama wanavyogeuka wote wabebao vitu kichwani.

"Ungeniacha nimuone tu," akasema. "Hata vile. Hata ukungu."

Akatoka, akauvuta mlango nyuma yake polepole, akaufunga.